TUTENGENEZE NYUMBA KABLA YA KUIUZA?

Mazungumzo na kikundi cha wasomaji, Kihonda, Morogoro

Leo tuzungumze jambo linalogusa nyumba nyingi hapa kwetu Kihonda. Mtu ameamua kuuza nyumba. Pengine kuna mgonjwa na fedha za matibabu hazipo. Pengine watoto wamehamia mbali na wazee wamebaki peke yao. Pengine marehemu ameacha nyumba moja na warithi sita. Basi mwenye nyumba anajiuliza: Niitengeneze kwanza, au niiuze kama ilivyo?

Tusimwachie fundi atujibu. Fundi anataka kazi. Tusimwachie dalali. Dalali anataka nyumba iuzwe upesi apate chake. Jibu tulitafute wenyewe kwa kalamu na daftari. Hesabu tumejifunza, basi tuitumie.

Kwanza, mnunuzi anataka nini?

Kihonda siyo pembeni tena. Ni kata ya Manispaa ya Morogoro, na mji unazidi kutufuata. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Watu wanatafuta mahali pa kujenga.

Wanunuzi wako wa namna mbili. Wa kwanza anatafuta nyumba ya kuingia na kulala. Huyu atatazama paa, choo na maji. Wa pili anatafuta kiwanja tu. Huyu nyumba yako ataibomoa. Kama nyumba ni ya fito na udongo, na kiwanja ni kikubwa, anayekuja huenda ni huyo wa pili. Ukimwekea madirisha ya vioo, atayaangusha pamoja na ukuta. Fedha yako imekwenda.

Pili, tufanye hesabu.

Tuseme nyumba ikiuzwa kama ilivyo itapata shilingi 12,000,000. Fundi anasema: "Tupige lipu, tuweke dari, tupake rangi. Itagharimu 3,000,000." Baada ya hapo mnunuzi anatoa 14,000,000. Unafurahi! Lakini toa 3,000,000 za fundi. Zinabaki 11,000,000. Umefanya kazi miezi miwili, umepata hasara ya 1,000,000.

Sasa tuseme bati mbili zimetoboka na choo kimetitia. Matengenezo yanagharimu 400,000. Bila matengenezo hayo wanunuzi wanakupa 11,000,000 tu, kwa sababu wanaogopa. Ukitengeneza unapata 12,000,000. Hapo umefaidi 600,000.

Hii ni mifano tu, bei za kwako ziandike mwenyewe. Kanuni ni moja: matengenezo yarudishe zaidi ya yalichokula. Yasiporudisha, yaache.

Tatu, yapi yanafaa?

Ziba paa kabla ya masika, maana mvua ikianza kila anayeingia ataona ndoo katikati ya chumba. Tengeneza choo. Wakubwa kati yetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na mnunuzi naye anaijua thamani ya choo kizuri. Ondoa mchwa. Fyeka uwanja, fagia, pitisha chokaa. Kazi hizi zinataka jasho kuliko fedha.

Lakini usipake rangi juu ya ufa ili kuuficha. Aliyedanganywa anaweza kwenda mahakamani kuomba mkataba uvunjwe. Hapo utadaiwa fedha ambayo umekwisha kuitumia. Mwonyeshe ufa, mpatane bei.

Wala usikope kwa riba ili kupamba nyumba. Nyumba inaweza kukaa mwaka bila kupata mtu, lakini riba hailali hata siku moja. Utafika mahali utauza kwa bei yoyote ili ulipe deni.

Nne, matengenezo makubwa kuliko yote ni ya karatasi.

Nyumba yenye rangi mpya na mgogoro ndani haiuziki. Nyumba iliyochakaa yenye hati safi inauzika. Basi kabla ya kununua saruji, tuulizane haya:

Je, mwenzi wako amekubali? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Je, nyumba ni ya urithi? Anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa siyo msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa.

Je, ardhi ni ya ukoo? Wengi wetu tumeteremka kutoka milima ya Uluguru. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Wajomba na dada wasisikie habari njiani. Waitwe, wakae, waseme.

Je, mipaka inajulikana? Waite majirani mwione pamoja. Nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa ujue kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kuna deni la kodi ya pango la ardhi.

Je, mkataba umeandikwa? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka uwe wa maandishi. Usome wote, neno kwa neno, kabla ya kutia saini. Zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye maneno ya watu wengine. Leo macho yamefunguka. Usipoelewa neno, uliza. Na risiti za fundi na za dukani zitunze, huenda ukazihitaji hesabu ya kodi itakapofanywa.

Ndugu wasomaji, nyumba ni jasho la miaka. Ikiuzwa vibaya, fedha inakwisha na mahali pa kulala hapapo. Tuanze na makubaliano ya nyumbani, tufuate karatasi, halafu paa na choo. Rangi ije mwisho, kama hesabu imeikubali.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nyumba yako ikiuzwa leo, ni nani lazima akubali?
2. Mnunuzi wa mtaani kwenu anatafuta nyumba au kiwanja?
3. Andika matengenezo matatu na gharama zake. Yapi yatarudisha fedha?