Bima ya Afya kwa Wote: maneno ya ofisi ya tawi kwa wanachama



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma hapa kwa sababu wengi mlikuwa mashambani, na kwa sababu tangu kikao kiishe simu hazijakatika, na baadhi ya tuliyoyasema yamekwisha kupindwa njiani. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kusambaza.

Tuanze na sheria yenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023 na Rais akaisaini. Muswada wake ulifika bungeni 2022 ukakwama, na kilichoukwamisha ni swali moja: asiye na uwezo atalipiwa na nani? Wakati ule kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka. Sasa kilichotangazwa na Wizara ni 150,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mwenye mshahara mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu. Mwalimu na muuguzi hawana la kuuliza sana hapo, maana wamekatwa miaka yote. Maswali yamebaki kwetu sisi wa jembe.

Tupige hesabu bila kufichana. Kadi ya CHF iliyoboreshwa tuliyoizoea ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, yaani 5,000 kwa kichwa. Hii mpya ni 25,000 kwa kichwa. Imepanda mara tano. Atakayewaambia ni nyongeza ndogo hajawahi kuuza mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini na madeni ya dukani yakisubiri mlangoni.

Lakini daftari lina kurasa mbili. Ile 30,000 ilitununulia nini? Kwa maandishi, kadi ilitibu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi ufuate rufaa. Kwa vitendo, wengi wetu tulifika na kadi, tukapimwa, tukaandikiwa, tukaambiwa dawa hakuna, nendeni duka la dawa. Mwaka uliofuata hatukurudi kulipa. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Ila tukumbuke mchango ukiwa mdogo na wachangiaji wakiwa wagonjwa peke yao, dawa haiwezi kuwepo. Mfuko wa namna hiyo ni kama chama cha kuzikana ambacho watu wanajiunga siku ya msiba na kujitoa baada ya arobaini. Mpango wa CHF ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukawekewa sheria 2001, na ugonjwa wake miaka yote umekuwa huo huo: watu wachache, hela kidogo, rafu tupu, halafu watu wachache zaidi.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuitishe kikao.

Sheria imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Vyanzo vyake vimetajwa humo humo, vikiwemo ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo kila soda na kila mkeka wa kijana wetu una senti yake humo. Serikali imesema inaanza na kaya hizi. Na hapo ndipo wanachama watano, hatuwataji, wamekuja kwa nyakati tofauti kuomba ofisi ya tawi "iwawekee jina". Wawili wana ng'ombe. Mmoja ana mashine ya kukoboa.

Jibu letu ni hapana, na tunalitoa hadharani ili wa sita asijisumbue. Tawi halina orodha. Mnakumbuka kaya za TASAF zilivyopatikana: majina yalisomwa mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakasimama wakakubali au wakapinga. Kazi ya chama ni kuhakikisha jambo hili nalo linasomwa hadharani namna hiyo. Haiwezekani liandikwe nyuma ya nyumba ya kiongozi, awe wa kwetu au wa wenzetu. Jina la mwenye mashine likiingia, kuna bibi anayelea wajukuu ambaye jina lake limetoka. Tukisikia balozi au kiongozi yeyote wa tawi amepokea hata kuku kwa ajili ya jina, suala lake litafika kamati ya maadili.

Kuhusu wazee, kuna ujumbe unazunguka kwamba msamaha umefutwa. Hakuna waraka wowote uliofika kijijini unaosema hivyo, na anayeusambaza aulete ofisini. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Neno "wasio na uwezo" watu huliruka wakisoma, ndiyo maana dirishani kunakuwa na mabishano. Mzee anatakiwa awe ametambuliwa na awe na kitambulisho cha matibabu cha halmashauri. Asiye nacho, mabalozi mchukueni jina na umri, mpelekeeni mtendaji wa kijiji wiki hii. Serikali ina makazi ya wazee kama Kolandoto na Nunge, lakini ni machache na ni kwa wasio na mtu kabisa. Wazee wetu wanauguzwa majumbani na wakwe na wajukuu. Mzee akirudishwa dirishani, anayempakia tena kwenye baiskeli ni huyo mkwe, na hela ya duka la dawa inatoka kwenye nyumba hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la hesabu, na mtatusamehe tukikaa hapo kidogo, maana kazi ya ofisi hii ni hesabu.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, hazilali tena halmashauri. Zahanati ina kamati ya usimamizi, na wananchi wa kawaida wamo ndani yake. Dawa zikikosekana MSD, upo utaratibu wa kununua kwa mshitiri. Maana yake ni kwamba tukiambiwa "dawa hakuna", yapo maswali matatu ya kuuliza kwa adabu. Akaunti ina kiasi gani? Maombi yalipelekwa lini MSD? Na kama MSD walijibu hawana, mshitiri aliombwa? Mganga mfawidhi anaweza kuyajibu yote kwa karatasi, na mara nyingi atafurahi kuulizwa, kwa sababu anayetukanwa dirishani ni yeye wakati aliyechelewesha ni mwingine.

Tulipouliza kikaoni nani anawajua wajumbe wa kamati ya zahanati yetu, mikono minne ilinyanyuka. Miwili ilikuwa ya wajumbe wenyewe.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria ni kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Tumekubaliana wanachama waombe taarifa ya zahanati isomwe pamoja na ya kijiji. Tumekubaliana pia kuandika barua kwenda kata, ili ifike halmashauri, tukiomba kaya za wakulima ziruhusiwe kulipa ile 150,000 kwa awamu, sehemu kubwa ikiwa baada ya mavuno. Rasimu ipo ofisini. Anayetaka kuongeza neno aje asubuhi kabla ya saa nne.

Mwenye kadi ya CHF asiitupe, aende nayo kwa afisa mwandikishaji aulize. Na hela ya kujiunga hailipwi kwa mtu yeyote bila kupewa namba ya malipo ya Serikali. Hata akivaa fulana ya chama chetu.

Ofisi ya Katibu wa Tawi