Kila Vali na Swichi Yake
(Hotuba kwa wana chama, Isiolo)



Reli haijafika hapa Isiolo. Njia yetu yaishia Nanyuki. Lakini vali za sumaku hazingoji reli. Zinatumika kwenye mabomba ya maji na mashine za hewa, na sisi wa reli twazijua katika injini za dizeli.

Kazi yake si ngumu kufahamu. Waya umezungushwa mara nyingi kuwa koili, na ndani mna kipande cha chuma. Stima ikipita, chuma chavutwa na njia yafunguka. Stima ikikatwa, springi yakirudisha. Katika injini, vali moja hupuliza mchanga kwenye magurudumu ikienda mbele, nyingine ikirudi nyuma. Tukizifunga kwenye waya mmoja zitafunguka pamoja, na mchanga utapotea bure.

Siku hizi kompyuta huwekewa kadi ya vipimo, inayopokea habari za presha na joto, kisha hutoa amri. Hapo ndipo mashine nyingi huharibiwa. Tundu moja la kadi kwa kawaida hutoa volti 5 na miliampea chache tu. Vali nyingi hutaka volti 24 na miliampea mia kadhaa. Kadi ni kama karani: yaandika amri, haibebi mzigo. Basi kila vali ipewe waya wake wa amri, transista au rilei yake, na fyuzi yake, na nguvu itoke mahali pengine. Tena kila koili ya stima ya betri iwekewe dayodi, kwa maana ikikatwa hurudisha pigo kali la kuua transista.

Sasa jambo la chama. Kompyuta ikizimika, vali yapasa kurudi yenyewe upande wa salama. Breki ya hewa ya Westinghouse yafundisha hivyo tangu 1872: mpira ukipasuka, mabehewa yasimama. Na fundi akitaka kuingiza mkono, asitegemee amri ya kompyuta. Afunge koki, atoe hewa, atie kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atupe mafunzo, na penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kila mmoja akaulize kazini kwake: kamati iko wapi? Tusingoje mkono wa mwenzetu ukatike.