Mtoto Hafanyi Mazoezi: Mazungumzo na Wanachuo wa Ualimu Wanaopangiwa Shule za Kibiti



Mwanachuo wa ualimu anapopangiwa shule ya Kibiti, hufika na barua ya chuo na daftari la maandalio ya masomo. Barua husema amekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Kwa upande wake neno hilo ni sahihi. Kwa upande wa mtoto aliyeketi mbele yake si sahihi hata kidogo. Mwanachuo hufanya mazoezi, mtoto hafanyi. Herufi za kwanza na hesabu za kwanza humpitia mtoto mara moja tu, na juma lililopotea kwa sababu mgeni alikuwa akijaribu halirudi pamoja na mgeni huyo anapokwenda zake.

Taifa hili limewahi kulikabili jambo hili kwa ukubwa wake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977, na vyuo vilivyokuwapo havikutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha saa chache na kujisomea saa nyingine kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, huku wakufunzi wakiwasimamia. Hadi mwaka 1984, makumi ya maelfu ya walimu walikuwa wamepatikana kwa njia hiyo. Mpango huo ulilaumiwa kwa upungufu wa ubora, na lawama hizo zilikuwa na msingi. Hata hivyo, ulijengwa juu ya kanuni ambayo haijachakaa: anayejifunza kufundisha apewe kazi kidogo, asimamiwe kwa karibu.

Katika kata za delta, yaani Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni, Salale na Msala, kanuni hiyo ina uzito zaidi. Huko safari huamuliwa na maji kujaa na kupwa, na mkufunzi wa chuo hawezi kufika kila siku. Anayebaki na mwanachuo ni mwalimu mlezi. Iwapo mlezi atayachukua mazoezi haya kuwa nafasi ya kupumzika, darasa litakuwa limeachwa mikononi mwa mtu ambaye bado hajui asichokijua.

Chukueni mfano wa somo moja la Hisabati: 32 kutoa 17. Mwanachuo aliyeandaa somo chuoni huandika ubaoni kwamba mbili haitoshi kutoa saba, hivyo "tunakopa moja". Watoto huitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Mwanachuo huridhika, akaendelea. Mlezi aliyekaa nyuma ya darasa, hata hivyo, ameona daftari la mtoto aliyeandika 25, kwa kuwa alitoa mbili katika saba. Sauti ya darasa zima ilimficha mtoto huyo.

Tiba yake haihitaji fedha. Vijiti vya chelewa hufungwa mafungu ya kumikumi. Mtoto hushika mafungu matatu na vijiti viwili. Ili atoe saba, hufungua fungu moja mwenyewe, akapata vijiti kumi na viwili. Hatimaye hubakiwa na fungu moja na vijiti vitano. Hapo huona kwamba kilichokopwa si moja, bali kumi. Mtoto wa delta husikia boriti za mikoko zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mwanachuo aliyeuliza na kusikiliza kabla ya kuandaa somo atajua kwamba korija ni mafungu mawili ya kumi, na atalianzia somo lake hapo.

Vivyo hivyo kwa mahudhurio. Wakati wa kilimo cha mpunga, familia nyingine huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu. Alama ya utoro katika daftari la mahudhurio haielezi jambo hilo. Mwanachuo amuulize mlezi, na mlezi awasiliane na mzazi, kabla mtoto hajaitwa mvivu mbele ya wenzake.

Kwa hiyo, juma la kwanza liwe la kutazama. Mwanachuo ayajue majina ya watoto, asahihishe madaftari yao pamoja na mlezi, kisha afundishe sehemu ya kipindi kabla ya kipindi kizima. Kila jioni wawili hao waulizane swali moja: ni mtoto gani leo hakuelewa, na limejulikanaje? Siku jibu linapokosekana, isidhaniwe kwamba wote wameelewa. Huenda hakuna aliyetazama.

Mwanachuo anayeondoka Kibiti akiwa na alama nzuri amefaulu chuoni. Anayeondoka akimwachia mlezi orodha ya watoto wanaohitaji msaada, na namna alivyoanza kuwasaidia, huyo amekwisha kuwa mwalimu.