Sekunde 30 kwa Wiki: Saa ya Dereva wa Treni



Mwezi Aprili 1891, treni ya abiria na treni ya kasi ya barua ziligongana uso kwa uso huko Kipton, jimbo la Ohio, Marekani. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo makarani wa posta waliokuwa kazini ndani ya mabehewa. Inasimuliwa hadi leo kwamba saa ya dereva wa treni ya abiria ilisimama kwa dakika 4, kisha ikaendelea kutembea bila yeye kujua.

Dakika 4 tu! Lakini kwenye reli ya njia moja, treni mbili zinazokabiliana hazina pa kukwepana isipokuwa stesheni, ambako mojawapo huingia njia ya kupishana na kungoja. Zama hizo, sehemu nyingi hazikuwa na ishara za kumwonya dereva. Alitegemea ratiba, amri zilizopokewa kwa telegrafu, na saa iliyokuwa mfukoni mwake. Kampuni za reli za Marekani zilikwisha kukubaliana kutumia majira ya pamoja tangu tarehe 18 Novemba 1883, lakini makubaliano hayo hayakuizuia saa mbovu kusimama.

Baada ya ajali, sonara wa Cleveland aitwaye Webb C. Ball alipewa kazi ya kusimamia saa za wafanyakazi wa reli. Kanuni zilizofuata zilikuwa kali: saa isikosee kwa zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, ipimwe ikiwa imelazwa na ikiwa imesimamishwa wima, katika baridi na katika joto. Uso uwe wazi, bila kifuniko, na tarakimu zisomeke kwa mtupo mmoja wa jicho.

Kipengele ninachokienzi zaidi ni kidogo mno. Saa ya kawaida hurekebishwa kwa kuvuta kitufe kilekile cha kuijazia, na mtu anaweza kukivuta bila kukusudia anapoitoa mfukoni. Saa ya reli haikukubali hivyo. Ilibidi ufungue kioo, uvute kijiti chembamba kilichojificha ukingoni mwa uso, ndipo mishale ikubali kusogezwa. Aliyeibuni alifikiria mkono uliochoka, wenye grisi, usiku wa manane.

Hata hivyo, siamini kwamba ubora wa saa pekee ndio uliookoa maisha. Saa nzuri zilikuwapo kabla ya Kipton. Kilichokosekana ni ukaguzi. Sasa dereva na gadi walitakiwa kupeleka saa zao kwa mkaguzi kila wiki mbili, tofauti ikaandikwa kwenye kadi, na iliyozidi kiwango ikaondolewa kazini hadi itengenezwe.

Nalo la kusikitisha lisemwe: saa hiyo, ambayo bei yake ilikuwa mzigo mkubwa kwa mshahara wa mfanyakazi, mara nyingi aliinunua mwenyewe, pengine kwa malipo ya kidogokidogo. Kampuni iliweka sharti, naye akalilipia. Kwangu mimi hiyo haikuwa haki, kwa sababu usalama ule ulikuwa wa abiria wote.

Wanafunzi wa uhandisi mlioko hapa, mtakapokabidhiwa kifaa kinacholinda maisha ya watu, ulizeni mapema: kitakaguliwa na nani, kila baada ya muda gani, na kwa gharama ya nani?