Vinundu vya Maharagwe si Ugonjwa



Mkulima anapopalilia maharagwe au kunde huona vinundu vidogo kwenye mizizi. Wengine hudhani ni ugonjwa, wakang'oa mimea yenye afya. Vinundu hivyo ni makao ya bakteria waitwao raizobia, na ni rafiki wa mkulima.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria hao huigeuza ikawa chakula cha mmea, nao mmea huwapa sukari iliyotengenezwa na majani. Kila mmoja hufaidika.

Kuna uvimbe mwingine unaoletwa na minyoo ya mizizi, na huo ni hasara. Tofauti yake ni rahisi kuona. Kinundu cha bakteria kimeshikamana na ubavu wa mzizi na hubanduka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, haubanduki.

Maharagwe yakianza kutoa maua, mkulima achimbe mashina mawili au matatu kwa jembe. Asiyavute kwa mkono, kwani vinundu vitabaki ardhini. Kisha apasue kinundu. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Kukiwa na kijani au kijivu, hawafanyi kazi.

Pasipo na vinundu vizuri, upo unga wenye bakteria hao ambao hupakwa kwenye mbegu. Baadhi ya unga unaouzwa humu nchini ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huu ni unga wenye uhai, na jua kali huuharibu. Mkulima akague tarehe ya mwisho wa matumizi, apake mbegu kivulini, apande siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Unga wa soya ni wa soya, na wa maharagwe ni wa maharagwe.

Hata hivyo, bakteria hawaleti fosforasi, wala hawaponyi udongo wenye asidi nyingi. Shamba la namna hiyo lahitaji kupimwa udongo kwanza.

Naitrojeni ya dukani ikizidi, mmea huacha kutengeneza vinundu. Kwa hivyo, kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea ya maharagwe, mkulima achimbe kwanza na aangalie mizizi.