Watakaoajiriwa Mwakani Tayari Wako Getini: Matarajio ya Ajira na Mishahara kwa Waajiri wa Tanga, 2026

(Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya siku moja ya maafisa utumishi na wamiliki wa viwanda, mashamba na kampuni za usafirishaji, Tanga)

1. Utangulizi



Nimeombwa nieleze waajiri wa Tanga wanatarajia kuajiri watu wangapi mwaka 2026 na kuwalipa kiasi gani. Barua ya mwaliko imenipa dakika 40, na imenikumbusha kwa herufi nzito kwamba mada ijikite kwenye takwimu. Nitajitahidi. Naomba ieleweke mapema kuwa nitakayoyasema ni maoni yangu, si msimamo wa walioniita, na kwamba nikigusa kasoro sitataja kampuni. Wenyewe watajijua.

2. Maana ya maneno

Sehemu hii ipo kwa sababu kila mada ya semina huwa nayo. Mshahara wa msingi, mshahara ghafi, posho, mwajiriwa: humu ndani mnayajua maneno haya kuliko mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 ilitambua mikataba ya aina tatu: usio na ukomo, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Neno ninalotaka tulishike ni moja tu, nalo halimo kwenye orodha hiyo ingawa hakuna kiwanda kisicholitumia. Neno hilo ni kibarua.

Asili yake ni barua. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kumwezesha kudai ujira wake. Kikaratasi ndicho kilichoitwa kibarua. Baadaye jina likahama kwenye karatasi likamwangukia mtu. Tutarudi hapo.

3. Matarajio ya mwaka 2026

Kwa upande wa mishahara, mwaka 2025 umekuwa na matangazo mawili makubwa. Mei Mosi, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini kwa watumishi wa umma kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, yaani asilimia 35.1, kuanzia Julai. Oktoba ikafuata sekta binafsi: nyongeza ya kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026.

Tahadhari moja hapa. Hizo za sekta binafsi ni wastani wa sekta zote, si kiwango cha kila mtu. Tangu Oktoba nimepigiwa simu na waajiri waliopata mshtuko, na wafanyakazi waliokwisha kupanga nyumba mpya, wote wakiusoma wastani kana kwamba ndio mshahara wao. Fungueni amri yenyewe, tafuteni sekta yenu, someni mstari wenu.

Mshtuko wa waajiri nauelewa. Amri ya mwaka 2013 iliweka shilingi 100,000 kwa mashamba na 115,000 kwa viwanda na biashara, ikakaa hivyo mpaka Januari 2023 viwango vilipofika 140,000 na 150,000. Hiyo ni miaka tisa na nusu ya bajeti isiyosumbuliwa na mtu. Safari hii imekuwa miaka mitatu tu.

Kwa upande wa nafasi za kazi, picha ni mchanganyiko. Maboresho ya bandari yetu, yaliyogharimu shilingi bilioni 429.1, yameiwezesha meli kufunga gatini badala ya kutia nanga baharini na kushusha mzigo kwenye matishari. Mzigo mmoja ulikuwa ukibebwa mara mbili, sasa unabebwa mara moja; wapagazi kwa kila tani wanapungua, lakini malori, maghala na mawakala wa forodha wanaongezeka. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani limeajiri wakati wa ujenzi, ila bomba likishaanza kupitisha mafuta linahitaji walinzi na mafundi wachache. Mkonge unahitaji wakataji daima. Saruji inafuata ujenzi.

Hizo ndizo takwimu na hali kwa jumla. Sasa naomba niruhusiwe kusema kilichonileta.

4. Tatizo la swali tunalouliza

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, huwa nawazungukia waajiri na fomu ya kurasa mbili. Swali la kwanza linauliza kama mwakani wanatarajia kuongeza wafanyakazi. Wengi huandika "hapana". Wakarimu huandika "wawili", kwa kawaida mhasibu na dereva. Nashukuru, nakunywa soda, natoka. Nje ya geti nakuta kundi la watu chini ya mwarobaini, wamevaa nguo za kazi, wanamsubiri msimamizi aje na daftari lake achague wa leo. Ofisini nimeambiwa hakuna ajira, na hapa nje ajira inagawiwa kwa kunyooshewa kidole.

Mji wetu unasifiwa kwa msemo wa waja leo, waondoka leo. Kibarua naye angepaswa kuwa hivyo. Lakini mwaka 2017 nilimkuta kijana kwenye kiwanda kimoja akishona midomo ya mifuko, akaniambia yeye ni kibarua. Mwaka jana nimemkuta palepale, kwenye mashine ileile, anamfundisha mwajiriwa mpya namna ya kubadilisha sindano. Mwanafunzi ana namba ya uanachama NSSF. Mwalimu hana.

Huyo ndiye ninayemwita kibarua wa kudumu, na ndiye anayezifanya takwimu zetu za matarajio kuwa hadithi. Mwajiri akijibu "hapana", hadanganyi kwa mujibu wa fomu. Fomu inauliza kuhusu watu walio kwenye orodha ya mishahara; ongezeko linapita kwenye daftari la msimamizi, na daftari hilo halifiki kwa afisa utumishi. Nimezikuta sehemu ambako vibarua wanalipwa kwa vocha ya idara ya uzalishaji, kwenye fungu moja na mafuta ya mashine.

Kwa nini inakuwa hivi? Tupige hesabu badala ya kulaumiana. Chukua kiwango cha 2023 cha viwanda, shilingi 150,000. Ukigawa kwa siku 26 unapata 5,769 kwa siku. Kwa kiwango hicho, mwajiri aliyemlipa kibarua shilingi 6,000 hakuvunja kima cha chini, alikipita. Anachookoa kiko kwingine. Kwa mwajiriwa aliye kwenye orodha, mwajiri huchangia asilimia 10 NSSF, asilimia 3.5 ya tozo ya mafunzo ya ufundi stadi, na nusu asilimia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jumla asilimia 14, yaani shilingi 21,000 kwa mwezi kwa kila kichwa. Ongeza likizo ya siku 28 na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliokamilika.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa wastani mpya wa 358,322. Asilimia 14 inakuwa zaidi ya shilingi 50,000. Ndiyo kusema kila kima cha chini kinapopanda, faida ya kumweka mtu nje ya orodha nayo inapanda, kama usimamizi umebaki pale ulipokuwa. Siipingi nyongeza, mtu hawezi kulea familia Tanga kwa 150,000. Lakini kwa maoni yangu, matarajio halisi ya mwaka 2026 ni haya: orodha za mishahara zitakaa kimya au kupungua, na watu chini ya mwarobaini wataongezeka.

Kuna pia suala la idadi. Tozo ya mafunzo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Nimeona kampuni kadhaa ambazo orodha zake zina watu tisa kamili mwaka hadi mwaka, tisa hao hawafi wala hawazaliwi, na uani kuna umati unaopakia malori.

Mbinu nyingine ni ya miezi mitano. Kifungu cha 35 cha sheria ya 2004 kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Basi mtu akifikisha mitano anaambiwa akapumzike wiki mbili, anarudi kwa mkataba mpya, hesabu inaanza upya. Inaanza upya kichwani mwa mwajiri tu. Kifungu kilekile kinasema miezi hiyo ni kwa mwajiri mmoja, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Tena Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa amemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano za saa tisa. Kijana wa sindano amezipita kabla ya wiki ya kwanza ya kila mwezi kwisha.

Na hapa kuna gharama ambayo waajiri hawaiweki kwenye hesabu zao. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri hana mkataba wa maandishi wa kuonyesha, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtupia yeye mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Shilingi 21,000 zilizookolewa kila mwezi zinaweza kuondoka siku moja.

Niseme na haki ya upande wa pili. Kazi ya kutwa ya kweli ipo. Meli inakuja, meli inaondoka; oda inakatika; umeme unakatika. Waajiri wamenieleza mara nyingi kuwa kumwajiri mtu siku hizi ni sawa na kumuoa, na wapo waliofungwa na taratibu hata kwa mtumishi aliyewaibia. Siwadharau. Lakini mkoa huu unajua mahali njia hii inakoishia, kwa sababu tumeshaipita. Mashamba ya mkonge yaliendeshwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, zisipotimia hulipwi. Kuanzia 1944 shirika la SILABU likawa linaleta manamba kutoka Kigoma, Songea na hata ng'ambo ya mpaka, watu waliojulikana kwa namba. Yule manamba angalau alikuwa na kadi. Kibarua wa leo amerithi jina la karatasi, na karatasi yenyewe hana.

Hili nimelisema mwaka 2016, 2019 na 2022. Mada ya 2019 nilikutana nayo tena kantini ya ofisi moja, ukurasa wa nne umefungiwa mihogo ya kukaanga. Angalau ilifika kwa wananchi.

5. Mapendekezo

Kwanza, fomu ya matarajio ibadilishwe. Iwe na safu tatu: walio kwenye orodha ya mishahara, walioletwa na wakala, na waliofanya kazi kwa siku. Safu ya tatu ihesabiwe kwa siku za kazi, si kwa vichwa, ili watu 30 wanaopokezana nafasi 10 wasionekane kuwa ajira 30.

Pili, daftari la msimamizi liwe waraka wa idara ya utumishi na likaguliwe kila mwezi.

Tatu, yeyote aliyepita saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu mfululizo apewe maelezo ya maandishi ya ajira yake. Sheria inadai hivyo tayari. Napendekeza tu tuitii.

Nne, kwa kazi za msimu, mtumie mikataba ya msimu iliyoandikwa. Tano, inayofanana na ya tatu lakini nairudia kwa makusudi: mbinu ya miezi mitano iachwe, haimlindi mwajiri hata kidogo.

Sita, nyongeza ya Januari iingizwe kwenye mshahara wa msingi, isifichwe kwenye posho ya nauli. Wafanyakazi nao waelezwe makato mapema. Anayelipwa 358,322 atavuka kiwango cha 270,000 kisichotozwa kodi. Baada ya NSSF na kodi ataondoka na shilingi 318,290 hivi. Asipoelezwa, Januari mtapata kesi.

Saba, serikali ifikirie kuangalia upya kizingiti cha watu 10 kwenye tozo ya mafunzo. Nalisema kwa upole kwa kuwa si eneo langu, lakini kizingiti kinachozalisha orodha za watu tisa kinahitaji kutazamwa. Nane, viwango vya mshahara vipitiwe kwa vipindi vinavyojulikana, mwajiri apange bajeti bila kushtukizwa. Tisa, vyama vya wafanyakazi viwaandikishe na vibarua, visisubiri waajiriwe kwanza.

Kumi ni kama ya kwanza: safu ya tatu.

Fomu mpya nimezichapa kwa gharama yangu, ziko kwenye meza ya kujisajili. Naomba zijazwe kabla ya chakula cha mchana, maana zikiondoka humu hazirudi. Waliopanga viti hivi asubuhi ni wanne. Nimewauliza, wa zamani zaidi yuko hapa mwaka wa sita na analipwa kila jioni. Mhasibu wa ukumbi naye nimemwachia fomu yake.