MTANDAO UPI UNAIFAA BIASHARA YAKO?

(Mazungumzo ya mwanachama, siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi. Nimeombwa niseme machache juu ya kutangaza biashara ndogo kwa njia ya simu. Mimi si mtaalamu. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu kosa langu mnalijua nyote. (Vicheko)

Kwa wageni wasiolijua: napika sambusa, maandazi na keki hapa Morogoro. Mwaka 2022 nilikopa kwenye kikundi Sh. 300,000/= za kuongeza mtaji. Nikasikia watu wanasema eti biashara bila mtandao imekufa. Basi, wiki moja nikafungua Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp. Nikatoa Sh. 120,000/= katika ule mkopo nikalipia matangazo.

Jamani, simu ililia! Watu wa Mwanza, watu wa Mbeya, "Dada, bei gani?" Sasa sambusa ya Morogoro itafika Mwanza ikiwa ya moto? Usiku nakesha najibu maswali, asubuhi nachelewa jikoni. Wateja wangu wa ofisini, waliozoea chai ya saa nne, wakahamia kwa mwingine. Marejesho ya mwezi wa tatu yakanishinda. Wadhamini wangu wawili wakanilipia kutoka mifukoni mwao, na mmoja alikuwa ameweka fedha ile kwa ajili ya ada ya mtoto. Siku ile sikuweza kuwatazama usoni.

Mtandao haukuwa na kosa. Kosa ni langu, nilitangaza kabla ya kujiuliza mnunuzi wangu yuko wapi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika nne!

Kwa hiyo, kabla hujatoa shilingi, jiulize maswali matatu.

Kwanza, bidhaa yako inasafiri? Mwenzetu wa batiki anaweka picha Instagram. Mtu akiipenda huko Mwanza, analipa kwa simu, kitambaa kinapakiwa kwenye basi pale Msamvu. Kwake Instagram inafaa, maana batiki hununuliwa kwa macho na haiozi njiani.

Pili, mteja wako ana simu gani? Mwenzetu wa kuku wa mayai anauzia maduka na mama lishe wa mtaani, wengine wana simu ya kitochi. Anawapigia tu. Hana ukurasa popote, na mayai hayamlalii.

Tatu, nani atajibu? Ukurasa usiojibiwa ni kama duka lililo wazi halafu muuzaji hayupo. Kama peke yako ndiye mpishi na ndiye muuzaji, njia moja inakutosha.

Mimi nimebaki na WhatsApp ya biashara. Programu hii ilitoka mwaka 2018, na kuipakua ni bure. Ina sehemu ya kupanga picha za bidhaa pamoja na bei, kwa hiyo maswali ya "bei gani" yamepungua. Asubuhi naweka picha ya sambusa za siku hiyo kwenye stetasi, ambayo hukaa saa 24 tu. Lakini sikilizeni: kwa kawaida asiyehifadhi namba yako haioni, nawe uwe umehifadhi ya kwake. Ndiyo maana kila anayekuja kununua namwomba tuhifadhiane namba palepale. Na mtu akinitumia picha ya muamala, siifungi keki mpaka niangalie salio langu.

Wale wa ofisini wamerudi, si wote. Wadhamini wangu niliwalipa hadi senti ya mwisho, na leo wamekaa pale mbele. (Makofi)

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwa mwezi mmoja, kila mteja mpya muulize, "Umenipataje?" Andika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi daftari litakuambia njia ipi inaleta fedha na ipi inaleta sifa tu. Ukitaka kukopa kwa ajili ya matangazo, njoo na daftari hilo kwenye kikao tulitazame pamoja. Fedha ya kikundi ni jasho la mwenzako.